Vijana wa Voi tunataka karakana ya programu, si cheti kingine

Kila baada ya miezi michache tangazo moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Voi. Mafunzo ya kidijitali, bure, siku tatu, chai ya saa nne na chakula cha mchana vipo. Vijana wanatoka Mwakingali, Sofia, Birikani na Kaloleni, wanajaza ukumbi. Wanafundishwa barua pepe, Word, Excel, na jinsi ya kufungua akaunti ya kutafuta kazi mtandaoni. Siku ya tatu picha inapigwa, vyeti vinagawanywa, kila msee anarudi kwao. Mwezi mmoja baadaye muulize yeyote kati yao ameunda nini. Kimya.

Sina ubaya na Excel. Excel imelisha watu wengi. Lakini nenda pale mafundi wanapotengeneza matatu za Taveta na Wundanyi uone kijana mgeni anavyoanzishwa kazi. Hapewi hotuba kuhusu injini. Anaonyeshwa spana, jeki, shimo la kuingilia chini ya gari, na injini kuukuu iliyotupwa pembeni ambayo hata akiiharibu hakuna atakayelia. Anafungua, anafunga, anakosea, anafungua tena. Baada ya miezi sita mikono yake inajua kitu. Yaani kwanza kuna karakana, halafu ndiyo kuna fundi.

Kwenye programu za kompyuta tumegeuza mambo. Tunataka mafundi na hatuna karakana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo najifunza kwenye laptopu ya mitumba. Nilichokiona, ndani ya chuo na nje, ni kimoja: wengi wetu hatuangushwi na kuandika msimbo. Tunaangushwa kabla ya kuandika hata mstari mmoja, pale pa kuiandaa kompyuta ili iweze kujenga programu ya kweli na kuijaribu.

Karakana ninayoizungumzia ni hii: lugha ya programu katika toleo linalotakiwa, hifadhidata, seva inayokimbia ndani ya mashine yako mwenyewe, Git ya kutunza kila badiliko, na namna ya kufanya majaribio yote kwa amri moja. Vikikaa pamoja na kuelewana, unaanza kazi. Kimoja kikigoma, siku imeenda.

Na ugumu unaongezeka kwa sababu programu kubwa za siku hizi hujengwa kwa vipande. Hapa watu wa Voi hatuhitaji maelezo marefu, tuna reli. Treni ni vipande vilivyofungwa pamoja. Behewa moja likiharibika unalifungua, unafunga jingine, safari inaendelea bila kununua treni mpya. Lakini kuna sharti. Reli yetu ya zamani, ile ya wakati wa mkoloni, ina upana wa mita moja. SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435. Chukua behewa zima kabisa la reli ya zamani uliweke juu ya SGR: halitatembea hata hatua moja. Si bovu. Vipimo tu havilingani.

Programu ya vipande ni hivyo hivyo. Kila kipande kinaitwa moduli. Moduli moja inasajili wagonjwa, nyingine inashughulikia maabara, nyingine malipo, nyingine ripoti. Faida yake ni kwamba sheria ikibadilika hubomoi nyumba nzima. Fikiria Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA kuingia. Kwenye programu iliyoshikana kama ugali, badiliko kama hilo linagusa kila mahali. Kwenye programu ya moduli, unashughulika na kipande cha malipo na zile sehemu chache zinazokigusa. Hasara yake ni kwamba huwezi kukijaribu kipande hicho kikiwa peke yake tu. Lazima pia ukifunge kwenye treni nzima, uone kama kinatembea na wenzake. Ndiyo maana karakana si anasa.

Nimetaja hospitali makusudi. Moja ya programu kubwa za moduli zinazotumika katika nchi maskini duniani ina mizizi hapa Kenya. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa HIV walipozidi kuingia kwenye matibabu, mfumo ule mdogo ukalemewa. Mwaka wa 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief Institute kule Indiana, pamoja na wenzao wa shirika la Partners In Health, wakaanza kuunda OpenMRS. Kufikia 2006 ilikuwa ikifanya kazi Eldoret na kisha Rwanda.

Waundaji wake walifanya uamuzi mmoja wa busara. Walijenga kiini kimoja, kisha wakaacha mlango wazi ili kila nchi iongeze moduli zake bila kugusa kiini hicho. Moduli ni faili moja lenye mkia wa .omod, unaipachika, mfumo unapata kazi mpya. Kenya ilipotaka mfumo wa kliniki zake za HIV haikuanza sifuri. Ilichukuliwa OpenMRS, zikaongezwa moduli zenye fomu na ripoti za Wizara ya Afya, ikazaliwa KenyaEMR, ambayo imesambazwa kwa mamia ya vituo vya afya nchini. Na msimbo wake uko wazi kwenye GitHub. Hakuna askari mlangoni anayekuuliza digrii.

Sasa unganisha hayo na benchi la hospitali yoyote ya umma. Mama ametoka Sagalla alfajiri, amefika, anaambiwa, "Mama, sistemu iko chini, subiri kidogo." Anasubiri mpaka saa nane. Wakati mwingine tatizo ni stima au mtandao. Wakati mwingine ni fomu inayokataa kujihifadhi, au ripoti inayohesabu vibaya. Aina hii ya pili inaweza kurekebishwa na kijana yeyote aliye na karakana, kwa sababu msimbo uko mbele ya macho yake. Kijana aliyekaa benchi hilo na mamake anajua kinachouma kuliko mtaalamu aliye mbali. Ila hana pa kukijaribu anachotaka kurekebisha.

Mbona hana? Tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwenye maelezo, kuseti OpenMRS ni rahisi. Unaweka Java, Git na Maven, kile chombo kinachokusanya na kujenga vipande vya programu za Java. Unaweka MySQL, au Docker ili MySQL iishi ndani ya konteina yake bila kuchafua mashine. OpenMRS ina kifurushi chake cha vifaa, SDK. Unaandika mvn openmrs-sdk:setup, inakuuliza maswali machache kuhusu jina la seva, mlango na hifadhidata, kisha inapanga kila kitu. Unaiwasha kwa mvn openmrs-sdk:run, unafungua kivinjari kwenye localhost:8080/openmrs, na mfumo wa hospitali unaishi ndani ya laptopu yako. Ukitaka kuunda moduli yako, mvn openmrs-sdk:create-project inakupa mifupa tayari: folda ya api yenye ubongo wa moduli, na folda ya omod inayoifunga kwenye mfumo. Halafu mvn clean install inaijenga na kufanya majaribio yake yote.

Kwa mtu mwenye mashine nzuri na intaneti isiyokatika, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwa kijana wa hapa ni wiki nzima, na wengi hawamalizi. Mara ya kwanza Maven huvuta mafaili mengi madogo madogo, moja baada ya jingine, na Docker nayo inavuta yake makubwa. Ukiwa unanunua data ya siku, inaisha katikati. Stima ikipotea wakati hifadhidata inaandaliwa, unaanza upya. Laptopu yenye RAM ya 4GB ikibeba Java, MySQL na kivinjari kwa pamoja, inaganda kama mtu aliyekutana na ndovu barabarani. Na ukishavuka hayo yote unakutana na lile behewa lisilolingana: umeweka Java mpya kabisa kumbe moduli ile inataka toleo la zamani. Kosa linalotokea linajaza skrini nzima kwa maandishi mekundu, na hakuna mstari unaosema wazi, "Ndugu yangu, badilisha Java."

Hapo ndipo kijana anafunga laptopu na kusema, "Hii kitu si yangu." Manze, si kweli. Hajashindwa na programu. Ameshindwa na data, RAM na kukosa mtu wa kumwambia jambo ambalo angeambiwa kwa dakika mbili. Kaunti inahesabu amehudhuria mafunzo, yeye anajihesabu hana akili.

Kuna wanaosema, si mtu ajaribu tu kwenye mfumo wa kituo cha afya ulio karibu? Hapana, na hili lisichezewe. Rekodi ya mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, na hata kama sheria isingekuwepo, dawa za mtu si uwanja wa mazoezi. Karakana nzuri inaondoa kishawishi hicho. Majaribio ya moduli za OpenMRS yanaweza kukimbia kwenye hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya RAM na kufutika yakiisha. Ukitaka mfumo uliojaa, unatumia wagonjwa wa kubuni. Ile ndiyo injini kuukuu ya pembeni. Ivunje utakavyo.

Sasa nieleze ninachokitaka, kwa sababu kulalamika peke yake hakujengi kitu.

Vitu ghali kwenye hii safari vinahitaji kulipiwa mara moja tu, halafu vinagawanywa. Maven ikishavuta kitu haikitupi. Inakihifadhi kwenye folda iitwayo.m2. Folda hiyo inanakiliwa kwenye flashi, unampa mwenzako, naye anaendesha Maven akiongeza -o, maana yake bila intaneti. Mradi matoleo yenu yafanane, inafanya kazi. Docker nayo ina docker save ya kugeuza konteina iliyofungashwa kuwa faili moja, na docker load ya kuifungua kwenye mashine nyingine. Kwa hivyo vijana kumi hawana haja ya kuvuta gigabaiti zile zile mara kumi. Avute mmoja, flashi izunguke.

Ukipanua wazo hilo unapata karakana ya mji. Kompyuta moja ya mezani yenye RAM ya kutosha, 16GB au zaidi. Ruta ya kuunganisha laptopu zilizomo chumbani, hata siku intaneti haipo. UPS, ili stima ikiruka kazi isipotee. Ndani ya kompyuta hiyo kuwe na ghala la Maven ambalo kila mtu anavuta kutoka kwake badala ya kwenda ng'ambo, na OpenMRS iliyowashwa tayari ikiwa na wagonjwa wa kubuni. OpenMRS toleo la 3 imegawanya hata kurasa anazoziona daktari kuwa vipande, vilivyoandikwa kwa React na TypeScript. Maana yake kijana wa laptopu ya 4GB anaweza kuendesha kile kipande kimoja tu anachokirekebisha, na mzigo mzito ukabebwa na ile kompyuta ya pamoja. Ubandikwe ukutani mwongozo wa Kiswahili wa kurasa mbili: matoleo gani, amri gani, makosa matano yanayotokea sana na dawa yake. Na Jumamosi awepo mtu mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo.

Hiyo ndiyo karakana yote. Inaweza kukaa kwenye chumba kimoja cha chuo cha kiufundi, maktaba au ukumbi wa vijana. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko Ngerenyi. Wanafunzi wake wa kompyuta wangeweza kushuka Jumamosi kwa zamu na kupata hapo mazoezi ambayo hakuna mtihani unaoyatoa. Ukijumlisha chai, ukumbi, mabango na posho za mafunzo ya siku tatu yanayorudiwa mwaka baada ya mwaka, utaona pesa za kompyuta moja na UPS hazikukosekana. Zilipangwa kwingine.

Najua nitajibiwa mambo matatu.

La kwanza: siku hizi akili bandia inaandika msimbo, mbona mjisumbue? Ni kweli inaandika, nami naitumia. Lakini ikikupa moduli, nani atahakikisha kipimo cha mtoto wa Kasigau hakijaandikwa kwenye faili la mtoto wa Bura? Lazima uijenge, uifunge kwenye mfumo, uijaribu, uone. Kadiri msimbo unavyoandikwa haraka, ndivyo anayeweza kuujaribu anavyozidi kuhitajika. Bila karakana, unachopata ni maandishi mazuri kwenye skrini.

La pili: kuna mazingira ya kukodi mtandaoni, huhitaji mashine yako. Sawa, kwa mwenye intaneti ya saa zote. Mengi ya hayo ukikatika mtandao umekatika na kazi. Kwa mtu wa Mwatate anayepimia data kama anavyopimia mafuta ya taa, hilo si jibu la kila siku.

La tatu ndilo zito: kazi huria hailipi, vijana wana njaa. Siwezi kudanganya, kurekebisha hitilafu ya OpenMRS leo hakutaleta doo kesho. Ila kunaacha ushahidi ulio wazi kwamba kazi hii umeifanya wewe, na aliyeipitia ni mhandisi asiyekujua wala kukuhurumia. Kwa sisi tusio na digrii, hakuna barua ya mapendekezo yenye nguvu kuliko hiyo. Tena mpango wa Google Summer of Code, ambao OpenMRS imeshiriki kwa miaka mingi na unaotoa posho kwa wanaokamilisha kazi, tangu 2022 hautaki tena uwe mwanafunzi. Anayeanza kazi huria, mwenye miaka 18 na kuendelea, anaruhusiwa kuomba. Mlango umefunguliwa hata kwa walioacha chuo. Ila huwezi kuomba kwa maana kama hujawahi kuiwasha programu yenyewe kwenye mashine yako.

Kaunti hii inajua maana ya kutazama mali ikipita. Maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakiteremka kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na mitaa ya huku bado inanunua maji kwa mtungi. Nisingependa programu ziwe hivyo pia: zinazaliwa Kenya, zinatumika kwenye kliniki zetu, zinarekebishwa na kulipiwa kwingine, nasi tunabaki kuulizwa kama tunajua kuandika barua pepe.

Kwa wanaopanga bajeti ya vijana, ombi langu ni dogo na linapimika. Mafunzo yajayo, punguzeni siku moja ya ukumbi, nunueni kompyuta moja. Msituhesabu tulioketi vitini. Hesabuni wangapi wameweza kuijenga moduli, majaribio yakapita, na badiliko lao likakubaliwa.

Na kwetu sisi, tusikae tukingoja wakubwa. Tafuta wenzako wawili. Changeni data ya usiku mmoja. Mwenye laptopu yenye nguvu ndiye avute, flashi ifuate. Andikeni kwenye daftari kila kosa lililowapata na mlivyolitoa, kwa Kiswahili, ili mtu wa nne asirudie mateso yenu. Siku mtakapoona ule ukurasa wa kuingia ukifunguka kwenye localhost:8080, bila hata kuwasha data, mtakuwa mmeshapata injini kuukuu ya kwanza ya karakana yenu. Baada ya hapo kuna kazi nyingi ya kufanya.